Kofia ya Chui

Siku wifi yake alipowaonyesha watu uso wa Chui, Mama Chui alikuwa amekaa kiti cha mbele kabisa, tabasamu amelibandika usoni, na ndani anaungua.

Kwanza muelewe huyu Chui ni nani, maana wengine mtadhani nazungumzia mnyama. Chui ni nyota. Kwenye vitabu vya wataalamu ana namba ndefu ya kuchosha ulimi, lakini ndani ya jengo la chuo alikochunguzwa hakuna aliyewahi kuitumia. Mwanamke mmoja alimwita Chui kwa sababu ya madoa, jina likashika, na yeye mwenyewe akaishia kuitwa Mama Chui, hata na wafagizi wa koridoni. Madoa yenyewe ni ya aina ile ile iliyo kwenye jua letu, ila ni makubwa ajabu: ni mahali ambapo nguvu za sumaku zimejikunja zikalizuia joto la ndani lisipande juu, basi pale panapoa kidogo na kuonekana peusi. Nyota inajizungusha. Upande wenye madoa ukitugeukia, mwanga unafifia, ukienda zake mwanga unarudi. Kazi ya Mama Chui ilikuwa kupima huko kufifia na kurudi.

Hakukesha akitazama juu, hayo ni mambo ya kwenye picha. Darubini ilikuwa mlimani, mbali, inajiendesha yenyewe. Yeye alifika ofisini asubuhi, akatundika mkoba nyuma ya mlango, akafungua kompyuta na kukuta namba za mwanga zinamsubiri. Akazipanga kwenye grafu, mstari ukapanda, ukashuka, ukapanda tena. Wenzake walihama nyota hii wakaenda ile, wakifuata mtindo na ufadhili. Yeye aling'ang'ana na Chui wake mpaka watu wakaacha kumshangaa.

Halafu akaja wifi.

Alianza kwa kumchukua mdogo wa kiume wa Mama Chui. Hilo halikuwa kosa, kijana alikuwa wa kuchukuliwa na mtu siku moja. Kisha akamchukua mama. Mama yao hakuwa mtu wa kuropoka mapenzi, lakini huyu binti siku ya kwanza tu aliitwa "mwanangu", na Jumapili paja la kuku likawa linatua kwenye sahani yake bila majadiliano, huku Mama Chui, aliyezaliwa na kukulia nyumba ile ile, akipewa kipapatio na kuambiwa, "Wewe si mlaji." Nani kasema si mlaji? Alikula kipapatio kimya kimya na kijiba cha roho juu yake.

Na kama hiyo haitoshi, wifi naye alikuwa mtu wa nyota. Alifundisha chuo kingine, upande wa pili wa mji, na utaalamu wake ulikuwa tofauti kidogo. Mama Chui alipima mwanga kwa jumla, ni mwingi au ni haba. Wifi aliupasua mwanga katika rangi zake, akachunguza vistari vyembamba vyeusi vilivyomo, na kutokana na jinsi vistari vile vinavyopinda nyota inapozunguka, kompyuta ikamchorea ramani ya uso mzima, doa hapa, doa pale.

"Wifi, naomba nimchore Chui wako," alisema siku moja jikoni kwa mama, anakausha sahani.

Sasa hapo, mama amesimama pembeni, mtu aseme nini? "Mchore tu, wifi yangu. Kwani Chui ni wangu peke yangu?"

Uongo mtupu. Alikuwa wake peke yake.

Ndiyo wifi akachora, na mkuu wa idara, mzee mcheshi aliyependa wageni kuliko wenyeji wake, akamwalika aje aonyeshe. Taa zikazimwa, picha ikatokea ukutani: mpira wa rangi ya chungwa, na kiunoni madoa yale ambayo Mama Chui aliyajua yote kwa tabia zao. Lakini utosini, kwenye ncha ya juu, lilikuwepo doa moja jeusi, pana, limefunika kichwa chote.

"Hili nimeliita Kofia," wifi alisema, na chumba kizima kikacheka na kupiga makofi.

Mama Chui hakuwahi kuliona. Asingeweza kuliona. Chui ametuinamishia kichwa, kwa hiyo doa la utosini liko mbele ya macho yetu muda wote, haliendi, halirudi, na njia ya kupima mwanga inakamata kile tu kinachokwenda na kurudi. Hilo alilifahamu palepale, kwa akili. Roho ndiyo iliyokataa.

"Haya, Mama Chui!" mkuu wa idara akamgeukia, meno yote nje. "Miaka yote unamlea mtoto, kumbe kavaa kofia hujui!"

Watu walivunjika mbavu. Mama Chui naye akacheka, akacheka mpaka akafuta machozi, na machozi yale mimi siwezi kukuapia yalikuwa ya nini.

Tusizunguke mbuyu: ulikuwa wivu. Si uchungu wa kitaaluma, si wasiwasi juu ya usahihi wa hesabu, kama alivyojidanganya njiani kurudi nyumbani. Ilikuwa gere ya kawaida, ile ile ya mtoto aliyenyang'anywa kitu chake mbele ya wageni. Alimwonea gere wifi kwa ujana wake, kwa sauti yake isiyotetemeka, kwa namna alivyosema "Chui" kana kwamba wamekua pamoja. Alikosa hamu ya kula. Akiona rangi ya chungwa sokoni, anapita njia nyingine.

Sasa sikiliza shetani alivyo na bahati.

Katika kazi ya sayansi, makala haichapishwi hivi hivi. Mhariri wa jarida huituma kwanza kwa mtaalamu mwingine aisome na kuikosoa, na mwandishi haambiwi ni nani. Huyo anaitwa mhakiki. Mhariri mmoja wa mbali alipokea makala ya wifi kuhusu Kofia, akajiuliza nani duniani anamfahamu nyota huyu, akapata jina moja tu. Vyuo tofauti, majina ya ukoo tofauti, angejuaje? Akamtumia Mama Chui. Juu kabisa palikuwa na swali: una undugu wowote na mwandishi? Mtu mwenye haya zake angejibu ndiyo, akairudisha. Mama Chui alitazama mlango, akabonyeza hapana.

Wee! Alivyoandika siku hiyo! Chai aliimimina ikapoa hapo hapo mezani. Aliandika kwamba mwandishi "anaonekana mgeni katika fani". Aliandika kwamba michoro "inapendeza kwa watoto". Aliandika kwamba Kofia si doa, ni makosa ya hesabu yaliyojikusanya utosini kwa kuwa hayakuwa na pengine pa kwenda. Lakini matusi matupu hayamtishi mhariri, alihitaji hoja. Akatafuta rungu, akalipata kwenye namba zake mwenyewe.

Lilikuwepo jambo moja kuhusu Chui ambalo hakuwahi kumweleza mtu. Kila mwaka, hata upande wake safi kabisa ulipotugeukia, mwanga ulitoka pungufu kidogo kuliko mwaka uliotangulia. Mama Chui aliamini sababu anaijua: kamera inazeeka. Chui ni mwekundu kuliko nyota jirani anaolinganishwa nao, na kamera kuukuu huanza kupoteza wekundu. Basi kila alipotaka kuchapisha, alikuwa anaunyoosha kwanza mstari, anaufuta ule mteremko, unabaki umelala vizuri kama shati lililopigwa pasi. Hakuna aibu katika hilo, watu wa kazi hii wote wana pasi zao.

Sasa akauchukua mteremko ambao haukupigwa pasi, ambao yeye mwenyewe aliuita uchafu, akamtwanga nao wifi. "Mwandishi anachukulia kwamba mwanga wa juu kabisa wa nyota hii, upande wake safi unapotugeukia, haubadiliki," aliandika. "Ukweli ni kwamba umeshuka karibu asilimia saba tangu nyota ianze kufuatiliwa. Hesabu zake zote zimesimama juu ya kosa." Hakuamini neno hata moja. Akatuma, akavaa viatu, akaenda zake nyumbani akipiga mluzi.

Siku chache baadaye mdogo wake akampigia simu.

"Dada, mwenzangu hali vizuri, halali vizuri. Kuna mtu kamwandikia maneno machafu huko jaridani. Mgeni katika fani! Mtu gani ana roho kama hiyo?"

"Pole yake," alisema Mama Chui. "Mwambie ajikaze. Kazi yetu ndivyo ilivyo, hamna kubembelezana."

"Nimemwambia aje kwako. Wewe ndiye mkubwa wake kwenye mambo haya."

"Aje tu," alisema, na alipokata simu aibu ikamgusa kidogo. Kidogo tu. Iliyobaki yote ilikuwa furaha.

Alijiandaa kumpokea mtu anayelia. Aliweka hata pakiti ya tishu mezani, mnafiki yule. Lakini wifi aliingia macho yanang'aa, pumzi juu juu, karatasi mkononi, akaketi bila kukaribishwa.

"Wifi, huyu mhakiki ni mshenzi. Lakini ni mshenzi mwenye akili!"

Mama Chui akajishughulisha na kalamu. "Kwa nini?"

"Niliusoma ule ukosoaji nikalia siku mbili. Siku ya tatu nikayaruka matusi, nikasoma hoja. Anasema mwanga wa juu wa Chui unashuka mwaka hadi mwaka. Yeye anadhani amenimaliza. Hebu fikiri, wifi. Madoa ya kiunoni yanafifisha upande mmoja, si ndiyo? Sasa ni kitu gani kinaweza kumfifisha Chui pande zote kwa pamoja, hata anapotugeuzia upande wake safi, tena polepole, miaka nenda miaka rudi?"

Mama Chui alijua kabla swali halijaisha. Mtu hamtazami nyota mmoja maisha yake yote halafu asijue. Mdomo ukasema wenyewe:

"Kofia inakua."

"Inakua!" Wifi alipiga meza kwa kiganja. "Unaona? Kama ni kweli, hii si picha tena. Hii ni Kofia inayokua machoni petu, nguvu ya sumaku ya nyota ikijijenga mwaka baada ya mwaka, na imepimwa! Nani mwingine ana kitu kama hiki?"

Mama Chui alishika ukingo wa meza. Haikuwa kamera. Haikuwahi kuwa kamera. Kofia ile aliikamata yeye, kabla wifi hajaolewa, kabla hajajua darubini inatazamwa upande gani, na kila mwaka aliichukua kwa mikono yake akaipiga pasi mpaka ikatoweka.

Wifi aliinuka, akaufunga mlango, akarudi kukaa. Sauti ikashuka.

"Wifi, nimetafuta kila mahali. Hakuna mwingine aliyemfuatilia Chui tangu mwanzo hadi leo. Hakuna hata mmoja. Sikuulizi nani aliandika nini. Wala sikuulizi kwa nini. Mume wangu sijamwambia, na sitamwambia. Naomba namba tu, zile za asili, ambazo hazijanyooshwa. Tuandike pamoja. Jina lako litangulie."

Na hapa, jamani, ndipo pa kukamata kichwa. Maana alibakiza neno moja tu. Ndiyo, ni zangu. Jina lake lingetangulia, Chui angerudi kuwa wake, na ule ugunduzi ambao watu wa kazi yake huwa wanauota tu ungekuwa mkononi. Neno lilifika mpaka kwenye meno.

Ila alimtazama wifi usoni, akaona huruma. Angeona chuki, angekubali. Angeona vitisho, angekubali haraka zaidi. Lakini huruma! Huyu mtoto aliyekuja juzi, aliyekula paja lake, amkaribishe kiti ndani ya nyumba yake mwenyewe? Ampe Chui kama zawadi? Aliiona miaka yote iliyobaki, watu wakisema kwenye korido na mezani kwa mama: wifi yake ana moyo wa dhahabu, alimtanguliza.

"Sijui unaongelea nini," alisema. "Namba zangu zimechapishwa, kila mtu anaziona. Mstari umelala. Hakuna mteremko wowote."

"Una hakika, wifi?"

"Nina hakika."

"Nikishaandika bila wewe, hatutaweza kurudi nyuma."

"Nani kakuzuia? Andika."

Wifi alikunja karatasi zake taratibu. Mlangoni akaaga kwa heshima kama siku zote na kuondoka.

Mama Chui alipobaki peke yake alizitoa namba za asili, zote, akazimwaga kwenye grafu moja bila kunyoosha chochote. Mstari ulishuka polepole kutoka kushoto kwenda kulia, mzuri hata kuutazama. Alikaa nao mpaka wenzake wakatoka kwenda kula na kurudi. Kuuchapisha hangeweza tena. Kwanza angepaswa kueleza kwa nini alikana, na kabla ya hapo kwa nini mhakiki wa siri alikuwa na namba ambazo Mama Chui hakuwahi kumpa mtu. Mhariri angejumlisha moja na moja. Na ile sentensi ya michoro ya watoto ingesomwa kwa sauti kila chuo.

Wifi hakukaa kulia. Alikwenda kuchokonoa hifadhi za picha za anga, zile zilizopigwa kwa shughuli nyingine kabisa, Chui akitokea pembeni kwa bahati tu. Picha chache, mbovu mbovu, lakini zilitosha kuonyesha mteremko upo kweli. Mhariri akamwandikia mhakiki: je, umeridhika na masahihisho? Mama Chui alitafuta pa kukosoa, akakosa. Akajibu kwa mstari mmoja kwamba ameridhika.

Makala ilipotoka, mama akaita watoto wote Jumapili. Meza iliwekwa kitambaa kizuri. Mdogo wake Mama Chui alikuwa na raha isiyo na breki, simu mkononi, anamfafanulia mama kila aya kwa maneno yake, anakosea nusu, mkewe anamrekebisha huku akicheka. Mama Chui alikula, akatia neno mahali pa kutia neno. Alikuwa amejifunza kuigiza.

"Na hapa mwisho kuna shukrani," mdogo wake akasema. "Sikiliza, mama. 'Kwa namna ya pekee namshukuru mhakiki asiyejulikana, ambaye ndiye wa kwanza kuona kwamba nyota hii inafifia. Ugunduzi huo ni wake.'"

Mama akaweka kijiko chini. "Asiyejulikana? Hana jina?"

"Ndio utaratibu wao, mama. Hatajwi."

"Hata baadaye?"

"Hata baadaye," alijibu wifi, na macho yake yakamwendea Mama Chui upande wa pili wa meza, yakatulia pale. "Labda yeye mwenyewe aamue kujitaja."

Mama Chui akasikia sauti yake mwenyewe ikiomba apewe maji. Mdogo wake akampa.

"Masikini ya Mungu," mama alisema, akitikisa kichwa, na uso wake wa siku zote ukalainika namna ambayo binti yake hakuwa ameiona kwa muda mrefu. "Mtu aone jambo kubwa hivyo, jambo la mbinguni, asiwe hata na jina. Na huko aliko ana mama yake. Mama wa watu yuko hai, amekaa, hajui mwanawe amefanya nini. Mimi ningekuwa yeye, ningetaka kujua. Ningetembea mtaa mzima nikisema, ni wangu huyo."

Akanyoosha mikono huku na huku, wakashikana wote. Kulia alishika mkono wa wifi, kushoto wa Mama Chui.

"Tumwombee huyo mtoto," alisema mama, akafumba macho. "Mungu, wewe unamjua. Mbariki popote alipo, na umpe moyo wa mama yake furaha hii aliyonyimwa. Semeni amina."

"Amina," walisema wote.

Mama alifumbua jicho moja, akaubana mkono wa binti yake. "Wewe sijakusikia."

"Amina, mama," akasema Mama Chui.